Kura ya moyo, kura ya hesabu au suti kamili? Ulinganisho kwa mpiga kura wa Mombasa aliyekwama

Barazani kwetu Makadara uchaguzi haujafika, lakini kahawa tayari inanyweka kwa kelele. Ami yangu ana neno moja asilolichoka: "Msigawe kura. Sisi tuligawa mwaka 1992, mkaona yaliyotukuta." Kijana wa bodaboda anayekaa ubavuni mwake humjibu kila siku vilevile: "Ami, mie nampigia nimpendaye, hata akipata kura yake na yangu tu." Na mama wa mahamri, bila kuinua macho kwenye karai, ana lake: "Mie chama changu, juu mpaka chini. Karatasi sita nitazichambua saa ngapi?"

Wote watatu, inshallah, watapanga foleni Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027. Nimewasikiliza muda mrefu, na naona kila mmoja wao anasema kweli kuhusu karatasi fulani na anakosea kuhusu nyingine. Wanagombana juu ya "kura" kana kwamba ni moja. Ni sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi. Rais hachaguliwi kwa kanuni ile ya hao watano, na hapo ndipo ugomvi wao wote unapofungamana.

Vigezo kwanza

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. La kwanza ni kanuni ya kiti: je, anayeongoza ndiye mshindi, au lazima avuke nusu? La pili ni taarifa: njia hiyo inakudai ujue nini kuhusu kura za wenzako, na je, kweli unaweza kukijua? La tatu ni kinachobaki, yaani kama kura yako inaacha alama yoyote hata mtu wako akianguka. La nne ni gharama ya kukosea.

Dhamiri sijaiweka kwenye mizani. Hiyo kila mtu ataingia nayo kibandani mwenyewe. Na kura iliyonunuliwa haimo kabisa katika ulinganisho huu. Anayepokea noti ya mia mbili mkutanoni kisha akasema "nimepiga hesabu" anajidanganya; kisheria ni kosa kwa mtoaji na kwa mpokeaji.

Namba zile zile, masanduku mawili

Kabla ya kuzipima njia, tufanye hesabu ndogo ya barazani. Wagombea ni watatu: Embe, Papai na Korosho. Moyo wako uko kwa Korosho. Papai unaweza kumvumilia. Embe humtaki hata kwa dawa. Watu mia wamepiga kura: Embe amepata 49, Papai 42, Korosho 9.

Likiwa ni sanduku la gavana, mambo yamekwisha. Embe ana kura nyingi kuliko wenzake, basi ni gavana kwa miaka mitano. Wale tisa wa Korosho wangehamia wote kwa Papai, ingekuwa 51 kwa 49 na Embe angerudi kwao. Hapa ami yangu ni mwalimu na sisi wanafunzi. Urais wenyewe ulikuwa hivi zamani. Mwaka 1992 Moi alishinda kwa takriban asilimia 36, huku Matiba akipata 26, Kibaki 19 na Jaramogi Oginga Odinga 17. Mwaka 1997 yakajirudia: Moi 40, Kibaki 31, na zilizobaki wakagawana Raila, Wamalwa, Ngilu na wengineo. Mwaka 2002 wapinzani walipokubaliana juu ya mtu mmoja, Kibaki akapata asilimia 62. Mtu aliyeyaona hayo yote kwa macho yake ana haki ya kupaza sauti akisikia habari ya wagombea wengi.

Sasa zipeleke namba hizo hizo kwenye sanduku la rais. Embe ana 49. Hajashinda. Tangu Katiba ya 2010, rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali, pamoja na angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Ikikosekana, wawili walioongoza hurudi debeni ndani ya siku 30.

Hebu wahamishe wale tisa wa Korosho waende kwa Papai. Embe ana ngapi? Zile zile 49. Kwa kumzuia mtu asivuke nusu, kura ya Korosho na kura ya Papai zina uzito mmoja. Kila kura halali iliyokwenda kwa mwingine, awe wa pili au wa mwisho, huinua kizingiti kwa nusu kura. Kwa hiyo ukimwambia mtu "unatupa kura baharini" katika duru ya kwanza ya urais, na lengo lake ni kumzuia Embe, unamwambia jambo la 1997.

Lakini fanya hesabu ya tatu, ambayo barazani huwa hatuifanyi. Wale tisa hawahami. Watatu kati yao wanakata tamaa na kubaki nyumbani. Kura zimekuwa 97, na Embe bado ana 49. Hiyo ni asilimia 50.5. Ameshinda duru ya kwanza bila kuongeza mpiga kura hata mmoja.

Msidhani ni mchezo wa matunda tu. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07 ya kura zote zilizopigwa, pamoja na zilizokataliwa. Alivuka nusu kwa kura 8,400 hivi, ambazo ni chini ya nusu ya wapiga kura wa wadi moja ya wastani hapa Mombasa. Mwaka 2022 William Ruto alipata 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Ruto akavuka nusu kwa kura zisizofika 70,000 nchi nzima. Kizingiti cha kaunti ndicho kisichotisha sana kufikia sasa: mwaka huo wa 2022 Ruto alipata robo katika kaunti 39 na Raila katika 34.

Kura ya moyo

Hii ndiyo njia ya kijana wa bodaboda: nampigia nimpendaye, wengine wajijue.

Kanuni ya kiti. Duru ya kwanza ya urais inaivumilia vizuri, kama tulivyoona. Ina matundu mawili. La kwanza ni pale Papai mwenyewe anapokaribia nusu. Hapo kura yako ingeweza kummaliza Embe siku hiyo hiyo bila foleni ya pili. La pili ni hatari zaidi: vita vya nafasi ya pili. Wafaransa, ambao rais wao huchaguliwa kwa duru mbili pia, waliliona hilo tarehe 21 Aprili 2002. Wagombea walikuwa 16, na wa mrengo wa kushoto walikuwa wengi. Waziri mkuu Lionel Jospin akapata asilimia 16.18, Jean-Marie Le Pen 16.86, na Jospin akaachwa nje ya duru ya pili. Watu wa kushoto wakajikuta wanampigia Jacques Chirac, ambaye hawakuwa wamemtaka, ili kumzuia Le Pen. Chirac akashinda kwa asilimia 82. Walichagua kwa moyo wakidhani nafasi ya pili ilikuwa imeshahifadhiwa. Basi tazama: wa pili na wa tatu wakiwa wamekaribiana, moyo una bei.

Kwa viti vitano vingine, kanuni haina huruma. Hakuna duru ya pili ya gavana wala ya mbunge.

Taarifa. Haikudai chochote kuhusu wenzako, na mimi naona huo ni uzuri mkubwa kuliko tunavyoukiri. Unahitaji kumjua mgombea tu. Alifanya nini, anasema nini kuhusu bandari, maji na ardhi, na alipokuwa na cheo alikitumiaje. Hayo unaweza kuyachunguza. Watu milioni ishirini na kitu watapigaje, huwezi.

Kinachobaki. Zaidi ya watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya Mfuko wa Vyama vya Siasa, yaani fedha za serikali kwa vyama, hugawanywa kwa kufuata kura ambazo chama kilipata katika uchaguzi mkuu uliopita, kwa masharti yake. Na duru ya kwanza ikikosa mshindi, yule wa tatu ndiye mtu anayebembelezwa usiku na mchana kwa siku thelathini. Asilimia nne zake zinageuka sauti mezani.

Gharama ya kukosea. Kwa rais, katika hali nyingi ni kurudi kwenye foleni. Kwa gavana, ni miaka mitano.

Humfaa nani? Mtu ambaye wawili wa mbele kwake ni mamoja. Kama Embe na Papai huwaoni tofauti, hesabu utamfanyia nani?

Kura ya hesabu

Hii ndiyo ya ami: tazama wawili wenye nafasi, mchague asiyekuumiza sana.

Kanuni ya kiti imeshasemwa. Kwa gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na wadi, hapa ndipo pake. Kwa rais ina maana pale tu mtu wako wa pili anapohitaji kuokolewa asiangushwe na wa tatu, au anapokaribia kumaliza kazi mara moja. Na ikifika duru ya pili kila mtu ni wa hesabu, maana wamebaki wawili.

Taarifa ndiyo inayoiponza. Kura ya hesabu ni nzuri kwa kadiri ya ubora wa namba ulizo nazo, na namba zetu nyingi zinatoka kwenye makundi ya simu, ambako kila mgombea anaongoza. Hata kura za maoni za kweli zina mipaka ambayo hazitangazi kwa sauti. Chukua utafiti wa watu 2,000 nchi nzima. Mombasa ina karibu asilimia 3 ya wapiga kura wa Kenya, kwa hiyo humo mna watu wetu kama 58. Kwa idadi hiyo, kosa la kukadiria linaweza kufika asilimia 13 juu au chini. Utafiti kama huo waweza kukupa picha ya urais. Ukikwambia nani anaongoza ugavana wa Mombasa, uambie asante, utafute mwingine uliofanywa hapa, kwa watu wa hapa, wa kutosha.

Nao waulizaji wanauliza waliopo, hawajui nani atakwenda kupiga. Tazama uchaguzi wa gavana uliopita. Karatasi za Mombasa na Kakamega zilipatikana na picha zisizo zenyewe, uchaguzi ukaahirishwa, tukapiga tarehe 29 Agosti 2022. Abdulswamad Nassir alipata 119,083, Hassan Omar 98,105. Ukizijumlisha ni kama 217,000, katika kaunti yenye wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya 640,000. Tofauti yao ilikuwa kura elfu ishirini na kitu. Waliolala nyumbani walikuwa mamia ya maelfu. Ami yangu hukesha akihesabu kura za mgombea wa tatu kana kwamba ndizo zitakazoamua, na kuna kura za majirani zake mwenyewe ambao hawakwenda.

Jambo jingine ni kwamba hesabu hutegemea ramani ya jana. Raila aligombea urais mwaka 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022, na Mombasa ilikuwa ngome yake. Alifariki Oktoba 2025. Anayepiga hesabu za 2027 kwa kutazama matokeo ya 2022 peke yake anasafiri na ratiba ya treni iliyofutwa. Na hata ramani ikiwa mpya, hutokea mtu akaivuruga. Mwaka 2017 Mohamed Ali alishinda ubunge wa Nyali akiwa mgombea huru, asiye na chama mgongoni. Aliyehesabu nguvu za vyama pekee, akamfuta mapema kwenye orodha, alihesabu vibaya.

Kinachobaki ni kidogo, na hapa ami hukasirika nikimwambia. Ukimpigia Papai kwa kumwogopa Embe, karatasi yako haiandiki "kwa shingo upande". Papai ataihesabu kuwa ni mapenzi. Kesho atasema watu wa Mombasa wanamkubali kwa kila alisemalo.

Gharama ya kukosea: umemwacha umpendaye, na huenda yule uliyemkimbilia hakuwa wa pili kamwe. Hiyo ni hasara ya pande zote mbili. Kuna nyakati, lakini, ambapo hesabu hufanywa na wagombea wenyewe kabla hujafika kituoni. Mwaka 2022 Suleiman Shahbal alimwachia Nassir tiketi ya ODM, na mpiga kura wa chama hicho akakuta kitendawili kimeteguliwa. Kwa hiyo kabla ya kuumia kichwa, subiri. Wakati mwingine wanaachiana wiki za mwisho.

Humfaa nani? Mtu mwenye tofauti kubwa moyoni kati ya wawili wa mbele, na mwenye taarifa za kuaminika kwamba kweli ndio wa mbele.

Suti kamili

Majukwaani husikia wakisema tuvae suti, yaani chama kimoja kwenye karatasi zote sita. Wasomi wa barazani huidharau njia hii. Mimi naona wanaionea.

Ina mantiki ambayo karatasi mojamoja haionyeshi. Gavana haendeshi kaunti peke yake: bajeti hupitishwa na bunge la kaunti, na Mombasa ina wadi 30. Gavana asiye na watu humo hutumia muhula akibembeleza. Kisha kuna viti maalumu. Wawakilishi wa kuteuliwa katika bunge la kaunti hugawiwa vyama kwa uwiano wa wadi vilizoshinda, na wanawake 16 wa kuteuliwa katika Seneti kwa uwiano wa maseneta waliochaguliwa. Kwa hiyo kura ya wadi, ile karatasi tunayoipiga tukiwa tumeshachoka, huzaa kiti cha pili ambacho hakikuwa na jina kwenye karatasi.

Kwa taarifa, suti ndiyo nafuu kuliko zote: jua chama, mengine fuata. Ndiyo maana mama wa mahamri ameichagua, na simcheki. Anaamka saa tisa usiku kukanda unga. Kutafuta habari za wagombea wa viti sita ni kazi, na si kila mtu ana jioni ya kuifanya.

Tatizo liko kwenye mchujo. Ukivaa suti umekabidhi hukumu yako kwa waliosimamia mchujo wa chama, na mchujo ukiwa wa vurugu au wa mezani, umeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Bunge la kaunti likiwa la chama cha gavana karibu lote, nani atamuuliza gavana fedha zimekwenda wapi? Wapiga kura wetu wenyewe hawajawahi kuivaa suti nzima bila kufungua kifungo. Mwaka 2022 ODM ilichukua ugavana, useneta na kiti cha mwakilishi wa kike Mombasa, na Nyali ikampeleka bungeni mtu wa UDA, chama cha Ruto.

Kinachobaki ukishindwa ni chama chenye nguvu ya kuhoji, kama kweli kitahoji. Gharama ya kukosea imesambaa: hukosei kiti kimoja, unakosea vyote kwa pamoja.

Humfaa mtu anayeamini sera za chama kuliko sura za watu, na anayejua kwamba mchujo wa chama chake hapa ulikuwa wa haki. Sharti la pili ndilo gumu.

Kubaki nyumbani, au kuichora karatasi

Wengi wataipuuza njia hii kwenye makala kama hii, lakini kwa Mombasa ndiyo njia yenye wafuasi wengi, kama zile namba za gavana zilivyoonyesha, kwa hiyo nayo ipimwe.

Kanuni: Mahakama ya Juu iliamua Machi 2013 kwamba kura zilizokataliwa hazihesabiwi katika kutafuta asilimia za urais. Aliyechora msalaba karatasi nzima kwa hasira na aliyelala nyumbani wako sawa kwenye hesabu: wote wawili wameshusha kizingiti cha nusu kwa anayeongoza. Kwa gavana hawakubadilisha chochote isipokuwa kupunguza idadi ya watu ambao mshindi anahitaji kuwaridhisha.

Taarifa haidai. Kinachobaki ni namba ya waliojitokeza, ambayo kila upande huifasiri utakavyo. Oktoba 2017, katika uchaguzi wa marudio baada ya mahakama kufuta ule wa Agosti, upinzani ulisusia na waliojitokeza walikuwa kama asilimia 39. Kususia kwa namna hiyo, kwa pamoja na kwa kutangazwa, kulisikika. Kususia kwa mtu mmoja sebuleni kwake Bamburi hakusikiki hata chumba cha pili.

Humfaa nani? Mtu ambaye kweli hana tofauti yoyote kwenye karatasi zote sita. Lakini ukiwa umekata tamaa na urais tu, hiyo ni sababu ya kuiacha ile karatasi nyeupe ya rais peke yake. Zile tano hazikukukosea.

Ukiwa na hali hii, anza hapa

Kama tatizo lako ni kwamba mgombea wako wa urais ana asilimia chache na watu wanakutisha kuwa utamsaidia Embe, uliza swali moja: wa pili na wa tatu wameachana mbali? Wakiwa mbali, mpigie wako bila wasiwasi, mradi uko tayari kurudi foleni ndani ya siku 30. Wakiwa wamebanana kama Le Pen na Jospin, na mmoja wao humtaki duru ya pili, hapo hesabu ina haki yake.

Lakini hilo la kurudi foleni lipime kwa uaminifu. Kenya haijawahi kufika duru ya pili ya urais. Ule wa Oktoba 2017 ulikuwa uchaguzi mpya. Nani atafunga duka tena? Nani atavuka feri tena kutoka Likoni kwenda kituoni asubuhi? Kama unajua wenzako wengi hawatarudi, na wapinzani wenu watarudi, basi duru ya kwanza ni ya thamani kuliko namba zinavyosema, na kumsukuma Papai avuke nusu mapema si wazo baya.

Kama unakwama kwenye gavana, na kuna watatu wenye nguvu, usiamue mapema. Ngoja mpaka wiki ya mwisho uone nani kamwachia nani. Wasipoachiana, na una taarifa za kutoka hapa hapa, mfuate ami. Huna taarifa ila za simu? Basi mpigie umpendaye. Hesabu ya namba za uongo haina faida juu ya moyo.

Kwa mbunge na wadi mimi binafsi hufungua vifungo vya suti. Huyo ndiye mtu utakayemfuata kuhusu mfereji uliokauka Kongowea au taa za barabara Changamwe, na humjua kwa jina la babake. Anayejali zaidi gavana wake asikwame bungeni atafanya kinyume changu, na nitamwelewa.

Ikiwa humo nyumbani mko watu wanne na hamkubaliani, msilazimishane kura moja. Nimeona familia zikivunjiana vikombe kwa ajili ya karatasi nyeupe, ambayo kwenye duru ya kwanza mngeweza kuipiga kila mtu lake na bado mkawa upande mmoja dhidi ya Embe.

Na kama unaishi Mtopanga lakini ulisajiliwa nyumbani Kaloleni, basi hesabu zote za gavana wa Mombasa si zako. Kura yako ya rais ina uzito ule ule popote, lakini zile tano ni za Kilifi, na karatasi zote sita utazifuata huko siku hiyo kwa matatu. Ukitaka zihamie huku unakolipa kodi ya nyumba, uhamisho unaombwa mapema, kwa sababu daftari hufungwa kabla ya uchaguzi. Kijana wetu wa bodaboda alikuja kuligundua hilo wiki iliyopita, katikati ya ubishi wake na ami kuhusu nani awe gavana wetu. Ami alicheka mpaka kahawa ikamwagika.